Namna nilivyompata mwalimu wangu wa mazoezi

Daktari aliponiambia, nikiwa na miaka 47, kwamba presha yangu ya 152 kwa 96 isingeshuka kwa vidonge pekee, nilikwenda kwenye jimu iliyo karibu na nyumbani Sinza nikamlipa mwalimu wa kwanza niliyeoneshwa fedha ya miezi mitatu. Hakuniuliza chochote. Siku ya kwanza alinichuchumaza na chuma mabegani, na kufikia siku ya tatu goti langu la kulia lilikuwa limevimba hata nikashindwa kupanda daladala. Fedha hazikurudishwa.

Nilipopona, niliamua kwamba safari hii mimi ndiye nitakayefanya usaili. Nilizungumza na walimu wanne kabla ya kutoa hata shilingi, na kila mmoja nilimwambia tu kwamba nataka kuanza mazoezi, kisha nikanyamaza nisikie ataanzia wapi. Wawili walianza na bei. Wa tatu aliniahidi kupungua kilo kumi kwa mwezi, ahadi ambayo muuguzi wa kliniki yangu aliikataa papo hapo, akisema nusu kilo kwa wiki ingenitosha kabisa.

Wa nne, mama wa makamo anayefundisha Coco Beach alfajiri kabla jua halijawa kali, alitoa daftari akaniuliza nimewahi kuumwa nini, nalala saa ngapi, natumia dawa gani. Nilipotaja atenolol, dawa yangu ya presha, aliacha kuandika. “Dada yangu, dawa hiyo inapunguza mapigo ya moyo,” alisema, na kwa sababu hiyo ile hesabu ya 220 kutoa umri, ambayo walimu wengi huitumia kukadiria mapigo ya juu kabisa ya mtu, isingenifaa. Kipimo changu kingekuwa pumzi: nikitembea niweze kuzungumza, ila kuimba kunishinde.

Kisha akaazima kiti cha plastiki kwa muuza madafu, akaniagiza niketi na kuinuka mara kumi bila kushika popote, naye amechutama pembeni akilitazama goti langu. Mara ya sita alinyoosha mkono kunizuia nisiendelee. Goti lilikuwa likiingia ndani, alieleza, hivyo tungeimarisha nyonga na mapaja kwa majuma kadhaa kabla ya kugusa uzito wowote, na hata hapo nisibane pumzi ninaponyanyua, kwa kuwa kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Nilijua nimempata. Vyeti alinionesha baadaye, nilipoviomba, na malipo tukakubaliana yawe ya kila kipindi.

Huu ni mwezi wa tano. Kliniki ya juzi ilisoma 134 kwa 84, na daktari ameniachia dawa ileile. Jumamosi tunavuka Daraja la Tanzanite kwa miguu, kwenda na kurudi, naye hunitaka nimsimulie habari za wiki nzima. Nikianza kukatiza maneno, tunapunguza mwendo.