Nilimuuliza baba habari za viatu

Nyumbani kwetu Singida viatu vya baba hulala vimeelekezwa mlangoni, kamba zimelegezwa tayari kwa kuingiza mguu. Sisi watoto tulikua tukifanya hivyohivyo bila kuuliza. Nilipofika chuo, mwenzangu wa chumba akanicheka, "Wewe kila usiku unataka kutoroka?" Ndipo nikajua kumbe hiyo ni ya kwetu tu.

Baba alikwenda vita vya Kagera. Kijiji kizima kinajua. Alikuwa mgambo, kijana wa miaka 21, Mwalimu alipotangaza ile Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga nduli Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Zaidi ya hapo hupati kitu. Atakwambia, "Tulikwenda, tukarudi," halafu ataulizia mvua za Dar.

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Ilikuwa Julai 25, Siku ya Mashujaa, redio inapiga nyimbo za jeshi, nikaona ndiyo nafasi. Nikaweka simu mezani inarekodi, nikauliza swali la kijinga kuliko yote: "Baba, uliwahi kuua mtu?" Akamaliza chai yake taratibu, akainuka, akaenda kugeuza alizeti uani. Jioni mama akanivuta pembeni. "Baba yako haulizwi, mwanangu. Anasubiriwa."

Nikasubiri mpaka Desemba. Katikati hapo nilisoma nilichokipata, na niliporudi likizo nikachukua kalenda iliyopitwa na mwaka, nikachora ramani nyuma yake: mto Kagera, daraja la Kyaka ambalo majeshi ya Amin yalilibomoa, Mutukula, Masaka, Mpigi, Lukaya, Kampala. Nikaiacha mezani. Baba akapita, akarudi, akavaa miwani.

"Nani kakwambia Lukaya iko mbele ya Mpigi?"

Akaninyang'anya kalamu. Kwa kweli nilikuwa nimekosea, ila baada ya siku ile nikawa nakosea makusudi. Namwambia walipanda malori hadi Kampala, ananiangalia kama mwendawazimu: "Malori? Miguu hii!" Namwambia Masaka waliingia Aprili, anakataa, ilikuwa Februari. Rekoda sikuitoa tena. Niliandika usiku, akishalala, kwenye daftari la mahesabu ya mama.

Swali la viatu lilinitoka tu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikamuuliza mliwezaje kutembea umbali wote ule, mlivaa nini? Mikono yake ikasimama juu ya gunzi.

Akanieleza Lukaya. Barabara pale imeinuliwa, inapita katikati ya kinamasi, mafunjo huku na huku. Machi 10, 1979. Brigedi yao, ya 201, ilikuwa na mgambo wengi, na mbele yao walikuwamo Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Roketi zikaanza kushuka. "Tulikimbia," baba akasema. Sijawahi kumsikia akilitaja neno hilo kwa habari yake mwenyewe. Aliingia kwenye matope hadi mapajani, akajivuta, akatoka upande wa pili akiwa peku. Buti zote mbili zilibaki kinamasini. Brigedi ya 208 ikawazunguka adui kwa nyuma usiku ule, asubuhi barabara ikarudi mikononi mwa Watanzania, nao waliokimbia wakakusanywa ili waendelee na safari.

Kando ya barabara alikuwa amelala kijana wa kijiji chetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walijiandikisha siku moja. Baba alimvua buti, akazivaa, akaingia nazo Kampala mwezi uliofuata.

Gunzi lilikuwa bado mkononi. Mimi nikaendelea kupukuchua, maana sikujua la kufanya.

Sasa nikakumbuka vitu. Kwamba baba kwenda dukani huzunguka njia ya bondeni, ndefu, na sisi tulidhani anapenda kutembea. Kwamba msiba wa mama wa yule kijana alipeleka mchango kwa mkono wa mama yetu.

Nilikuwa nimepanga nimpeleke Kaboya, kule Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita ile. Nauli nilishaiweka, njia ya Nzega na Kahama mpaka Biharamulo. Nikamwambia. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akanyoa ndevu, akasema, "Kaboya tutakwenda. Kwanza nisindikize hapa karibu."

Tukapita njia ya juu. Aliyebaki kwenye ile nyumba ni dada wa marehemu, mtu mzima sasa, anatembelea fimbo. Akatutolea vigoda chini ya mwembe. Baba hakuzunguka. Alimweleza Lukaya, akamweleza kukimbia, akamweleza buti. Alikuwa anaiangalia miguu yake muda wote.

Yule mama alichora mchangani kwa ncha ya fimbo, kitambo kirefu hasa. Kuku walipita kati yetu.

"Zilikutosha, kaka?"

"Zilinibana kidogo," baba akasema. "Hapa kwenye vidole."

"Mguu wake ulikuwa mdogo," akasema dada mtu, akamwita mjukuu alete maji ya kunywa.