Mauritius, Nchi Inayolindwa na Polisi

Treni ya umeme kutoka Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, hupanda taratibu kuelekea Curepipe. Joto la bandarini linabaki nyuma, na ukishuka Vacoas unakutana na ubaridi na manyunyu. Waingereza waliupenda mji huu kwa hali yake ya hewa. Walikaa hapa na askari wao, na maofisa wakajiwekea klabu na uwanja wa gofu. Leo Vacoas ndiyo makao makuu ya Special Mobile Force, kikosi ambacho mgeni akikiona huapa kuwa ni jeshi, maana kina mavazi ya mabaka, bunduki, hata magari ya deraya.

Karibu na kituo nilisimama kununua dholl puri, chapati laini yenye dengu ndani, na hapo nikaanza mazungumzo na mzee mmoja aliyestaafu kutoka kikosi hicho. Nilipomwita mwanajeshi alikataa kwa upole. Yeye alikuwa polisi. Alianza kituo cha kawaida, akikamata wezi na kupima ajali za barabarani, kisha akahamishiwa Vacoas akafundishwa silaha, kamba na uokoaji, na baada ya miaka akarudishwa kituoni. "Sote bosi wetu ni mmoja, Kamishna wa Polisi," aliniambia, "na Kamishna yuko chini ya sheria ya kiraia." Kazi anayoikumbuka kuliko zote ni vimbunga: kuwatoa watu juu ya mapaa, kukata miti iliyoziba barabara.

Kikosi kiliundwa mwaka 1960, Waingereza walipoondoa askari wao waliokuwa wakikaa kisiwani. Miaka minane baadaye kilionekana hakitoshi. Januari 1968, wiki chache kabla ya uhuru, makundi ya Port Louis yalichinjana kwa misingi ya dini na asili, na ikabidi askari wa Uingereza wasafirishwe kutoka Singapore kuja kutuliza. Mtanzania anaweza kuielewa aibu ile. Januari 1964 wanajeshi wetu wenyewe waliasi, na Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita Waingereza. Sisi tuliunda jeshi jipya. Mauritius iliamua kubaki bila jeshi.

Nilikuwa Champ de Mars tarehe 12 Machi 2024, siku ya uhuru. Uwanja huu wa mbio za farasi Wafaransa waliutumia kwa gwaride la kijeshi, na ndipo bendera ya nchi ilipopandishwa mara ya kwanza mwaka 1968. Walipita polisi, wakapita Special Mobile Force, wakapita Walinzi wa Pwani. Miguu ilikuwa imenyooka na bendi ilikuwa safi. Watoto mabegani mwa baba zao walipunga vibendera vyenye nyekundu, buluu, njano na kijani. Kati yao akapita mgeni: kikosi cha Jeshi la Wanamaji la India. Mgeni rasmi alikuwa Rais wa India, Droupadi Murmu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona sehemu ya pili ya mpango huu wa kuishi bila jeshi. Meli kubwa ya Walinzi wa Pwani, Barracuda, ilijengwa Kolkata. Kwa miaka mingi kamanda wa walinzi hao amekuwa ofisa aliyeazimwa kutoka jeshi la wanamaji la India. Takriban wiki mbili kabla ya gwaride lile, kisiwa cha Agaléga, sehemu ya Mauritius iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kaskazini, kilikuwa kimefunguliwa uwanja wa ndege wenye njia ya kurukia ya kilomita tatu, uliojengwa na India. Agaléga ina wakazi mia chache tu. Serikali zote mbili zilisema njia ile ni ya usafiri na ulinzi wa bahari, si kambi ya kijeshi. Mimi naona nchi yenye eneo la bahari linalopita kilomita za mraba milioni mbili, na boti chache za kulilinda, haina budi kuwa na rafiki, na rafiki wa namna hiyo naye ana mahitaji yake.

Hata hivyo siwezi kuuita uamuzi ule upumbavu. Tazama majirani. Shelisheli ilipinduliwa mwaka 1977 na watu waliofunzwa Tanzania, kisha mwaka 1981 ikavamiwa na mamluki wa Mike Hoare. Komoro iliteswa na Bob Denard, mamluki wa Kifaransa. Madagaska, wanajeshi wamekuwa wakiamua nani aingie ikulu na nani atoke. Mauritius mwaka 1982 chama tawala kilipoteza viti vyote vya majimbo, na waziri mkuu aliyeiongoza nchi tangu uhuru akaondoka kwa kura tu. Hakukuwa na jenerali wa kumpigia simu. Kwangu hilo lina uzito kuliko manowari kumi.

Kutoka hapo nilishuka kusini hadi Mahébourg. Kwenye ghuba yake, Agosti 1810, Wafaransa waliwashinda Waingereza, na jina la pigano hilo limechongwa kwenye lile tao la ushindi la Paris. Mwishoni mwa Novemba mwaka uleule Waingereza walishuka kaskazini, na mapema Desemba wakakichukua kisiwa chote.

Lakini watu wa Mahébourg walitaka kunisimulia habari ya 2020. Meli ya Wakashio ilipanda mwamba Pointe d'Esny tarehe 25 Julai, na Agosti mafuta takriban tani elfu moja yakamwagika kwenye maji ya pwani. Mama mmoja alinionyesha walivyoyazuia mafuta: kitambaa kinashonwa kama mto mrefu, ndani majani makavu ya miwa yanashindiliwa, chupa tupu za plastiki zinafungwa ili kielee. Wavuvi, walimu na wanafunzi walishona usiku na mchana, wakavivuta baharini kwa mashua kabla msaada wa nje haujafika kwa ukamilifu. Vidole vyake, alisema, vilikaa vyeusi siku nyingi.

Linabaki jeraha la Chagos. Uingereza ilivimega visiwa hivyo kutoka Mauritius mwaka 1965, ikawahamisha wenyeji wake kati ya 1968 na 1973, na Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote, ikawa kambi ya Marekani. Mauritius haikuwa na risasi ya kufyatua. Ilikwenda mahakamani. Mwaka 2019 majaji 13 kwa 1 wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki walisema Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Miongoni mwa waliosikika mbele ya majaji alikuwa Liseby Elysé, mzaliwa wa Peros Banhos, sehemu ya Chagos, aliyetoa ushahidi kwa video kwa sababu hakusoma shule.

Februari 2022 serikali ilikodi meli ya kiraia, ikampakia yeye na wenzake, na bendera ikapandishwa Peros Banhos bila kuomba ruhusa London. Mei 2025 mkataba wa kurudisha visiwa ukatiwa saini, huku Diego Garcia ikikodishwa kwa Uingereza kwa miaka 99. Wenyeji wengi wanalalamika kwamba hawakuulizwa, na nadhani wana haki. Nchi iliyopigania haki yake kwa maneno mbele ya majaji ingeanza kwa kuwasikiliza hao.