Tezi ya shingo na hamu ya pombe, tusikimbilie kusema mtu hana msimamo

Jamani huku Nyanda za Juu Kusini mtu akishindwa kuacha ulanzi au komoni tunachosema ni huyo hana msimamo, basi, na mjomba wangu wa Makete ameambiwa hivyo mpaka na watoto wake, inaniuma sana ndo maana naandika.

Mnawakumbuka bibi zetu wenye rovu? Lile rovu ni tezi ya shingo imevimba, na lilikuwa jingi huku milimani sababu udongo wetu una madini joto kidogo, ndo ikaja chumvi yenye madini joto. Sasa tezi hiyo inatoa homoni zinaitwa T3 na T4, zenyewe ndo zinapanga mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, uhisi joto au baridi, na ubongo unaiamrisha kwa homoni nyingine, TSH.

Pombe ya miaka mingi inavuruga hiyo njia yote. Kwa wanywaji wa siku nyingi T3 na T4 mara nyingi zinakutwa zimeshuka, na ile sehemu ya chini ya ubongo inayotoa TSH ukiichochea inaitika kivivu, wengine inabaki hivyo wiki kadhaa baada ya kuacha kabisa. Yani mtu kaacha pombe lakini mwili bado mzito, hana raha, baridi ya mwezi wa saba inampiga kuliko wenzake, na kitu anachokijua cha kumchangamsha ni kimoja tu. Kama homoni zenyewe ndo zinasukuma hamu, watafiti bado wanalifuatilia, ila uchovu na huzuni vinavyomrudisha mtu kilabuni hivyo vinajulikana.

Naomba pia tuache kumfungia mtu ndani eti aache kwa nguvu!! Aliyezoea kunywa sana akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa, apelekwe hospitali. Siku za mwanzo za kuacha anatetemeka, jasho, moyo mbio, usingizi hakuna, na tezi inayofanya kazi kupita kiasi inaleta dalili hizohizo, kwa hiyo mwambieni daktari ukweli anakunywa kiasi gani na muulize kuhusu kipimo cha TSH. Kikichukuliwa siku hizo za mwanzo majibu yanaweza kupotosha, ulizeni kirudiwe lini akishatulia. Na vidonge vya tezi msinunue wenyewe dukani, vikizidi vinaharibu mapigo ya moyo.