Wikendi yangu ya Leipzig huanza Alhamisi jioni

Anayekuja kusoma Ujerumani huambiwa mengi kuhusu baridi na machache kuhusu Jumapili. Baridi ina dawa: koti zuri, nguo za ndani za kubana joto, basi. Jumapili ndiyo inayomkamata mgeni. Maduka ya vyakula, ya nguo na ya vifaa hufungwa siku nzima kwa sheria, na mtu aliyezoea duka la Mangi lililo wazi hadi saa nne usiku hujikuta chumbani ana mchele na chumvi tu. Ninasoma Leipzig, mashariki mwa nchi, na ratiba iliyonifaa ni hii: Alhamisi jioni natazama treni, Ijumaa nanunua chakula, Jumamosi nautembelea mji wenyewe, Jumapili nasafiri. Jumapili inafaa safari kwa sababu treni zinatembea na makumbusho mengi yako wazi, wakati mitaa ya maduka imelala.

Nguzo ya mpango wote ni tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikapanda hadi 58, Januari 2026 ikafika 63. Wanafunzi wa vyuo vingi huipata kwa asilimia 60 ya bei hiyo, ikiwa imeshaingizwa kwenye michango ya muhula. Kwa hiyo soma kwanza barua ya chuo kabla ya kununua chochote, usije ukalipa mara mbili. Ukiinunua mwenyewe, jua kuwa ni mkataba unaojirudia kila mwezi. Unayetaka kuacha mwisho wa mwezi sharti uwe umesitisha kufikia tarehe 10. Ukipitisha hapo, mwezi unaofuata nao unakatwa benki.

Tiketi hiyo inakupandisha mabasi, tramu, U-Bahn (treni za chini ya ardhi), S-Bahn (treni za mji na vitongoji) na treni za mikoa zenye herufi RB na RE, nchi nzima, daraja la pili. Haikupandishi treni za masafa marefu, yaani IC, EC wala ICE, na baiskeli ina tiketi yake. Rangi ya treni isikudanganye, kwa sababu kampuni za mikoani ni nyingi na kila moja ina rangi zake. Soma herufi zilizotangulia namba ya treni, hizo ndizo zenye kauli. Tiketi ina jina lako, hivyo mkaguzi ana haki ya kudai kitambulisho chenye picha. Ikiwa iko kwenye simu na simu imezima, mbele yake wewe huna tiketi, na kusafiri bila tiketi ni faini ya euro 60. Betri ya akiba si anasa.

Kuna kanuni inayopitishwa mdomo kwa mdomo na wanafunzi: treni ikichelewa dakika 20, unaruhusiwa kupanda ICE. Kanuni ipo kweli, ila wenye Deutschlandticket hawamo. Usiitegemee.

Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu matengenezo ya reli hupangwa sana wikendi, na ratiba ya Jumanne haikuambii lolote kuhusu Jumapili. Kwenye DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli, ninaandika tarehe yenyewe ya safari, nachagua treni za mikoa pekee, kisha nabadilisha muda wa kuunganisha uwe angalau dakika 10. Ukiiachia programu ichague, inaweza kukupa dakika nne za kutoka jukwaa la 3 hadi la 14. Ukiona neno Schienenersatzverkehr, au kifupi chake SEV, maana yake sehemu hiyo ya njia utapelekwa na basi. Basi hilo mara nyingi halisimami mlangoni mwa stesheni bali upande wa barabara, penye bango la SEV, na ni polepole kuliko treni. Ongeza nusu saa kwenye hesabu zako.

Kosa jingine la wageni ni treni zinazokatwa katikati ya safari. Mabehewa ya mbele yanaelekea mji mmoja, ya nyuma mwingine. Ubao wa jukwaani huonyesha herufi A, B, C, D na mji wa kila kipande, na behewa lenyewe huandikwa linakoelekea. Hakikisha kabla ya kukaa, maana tangazo la kugawanyika likitolewa kwa Kijerumani cha haraka, utalisikia usilielewe.

Pale Leipzig penyewe kuna mtego wa stesheni. Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu, ni kubwa mno, majukwaa mengi yamejipanga juu sambamba, lakini jukwaa la 1 na la 2 ziko chini ya ardhi, kwenye handaki lililofunguliwa Desemba 2013. S-Bahn nyingi hupita huko. Ukifika juu ukaitafuta namba 1 mwisho wa mstari, utaikosa treni huku unaisikia ikiunguruma chini ya miguu yako.

Jumamosi asubuhi ni ya chupa. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25 inayoitwa Pfand, sawa na hela ya chupa unayoachia dukani kwetu. Chupa za plastiki ngumu zinazojazwa tena ni senti 15, za bia za kioo kwa kawaida senti 8. Mashine iko mlangoni mwa duka la vyakula au karibu na stoo. Unaingiza chupa moja moja, kitako kwanza, mkanda unaizungusha ili isome alama za mistari, halafu unasikia inadondoka nyuma ya ukuta. Usiikunje chupa wala usibandue karatasi yake: alama isiposomeka mashine inairudisha na senti zako zimepotea. Mwishoni bonyeza kitufe, chukua kijikaratasi, mpe mtu wa kaunta siku hiyo hiyo kabla hakijapotea mfukoni. Chupa ishirini ni euro 5.

Chupa za kioo zisizo na amana, za mafuta au jemu, hupelekwa kwenye makontena ya mtaani. Zingatia rangi: nyeupe, kahawia, kijani kila moja na tundu lake. Na usizipeleke Jumapili. Jumapili ni siku ya utulivu. Kutoboa ukuta, kutwanga, kufungulia muziki, hata kelele za chupa zikivunjika kontenani, jirani ana haki ya kulalamika na atalalamika. Aliyezoea Jumapili ya spika za kanisa na redio za mtaa mzima huona kama mji umehamwa. Haujahamwa. Watu wako msituni na kando ya maziwa, wanatembea kwa miguu saa nzima bila kununua kitu.

Mambo ya kuona Leipzig yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Kanisa la Thomaskirche ndilo alikozikwa Johann Sebastian Bach, na kwaya yake ya wavulana ilianza 1212. Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri huwa na ibada ya nyimbo, Motette. Kiingilio ni kununua kijitabu cha programu mlangoni kwa euro chache. Fika mapema, na fahamu kwamba wimbo ukiisha watu hawapigi makofi. Nikolaikirche iko umbali wa dakika chache: maombi ya Jumatatu ya hapo ndiyo yaliyotoa maandamano dhidi ya serikali ya Ujerumani Mashariki ya tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000, mwezi mmoja kabla ya ukuta wa Berlin kufunguka. Historia hiyo imeelezwa vizuri katika Zeitgeschichtliches Forum, bure kabisa. Kwingineko sema tu "einmal ermäßigt, bitte" (moja ya punguzo, tafadhali) na uonyeshe kadi ya mwanafunzi. Kwa Mlutheri wa Kilimanjaro kuna la zaidi, kwa kuwa wamisionari waliofika Machame 1893 walitumwa na misheni ya mji huu.

Kuhusu saa, nawasihi wenzangu wasome hapa mara mbili. Mjerumani akikuambia "halb acht" hasemi saa nane na nusu. Anasema nusu kuelekea nane, yaani 7:30, na kwa saa zetu ni saa moja na nusu. Mswahili ana mitego miwili kwa pamoja: nusu inayotangulia, na saa sita za tofauti. Andika kila ahadi kwa tarakimu za saa 24, kama 19:30, kisha mwonyeshe aliyekualika simu yako.

Mwaliko wa kawaida wa Jumapili ni wa kahawa na keki, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Ni keki kweli, si chakula. Kula mchana kwako kwanza. Fika kwa wakati ulioandikwa, vua viatu mlangoni ukiona wenyeji wamevua, na usipite kwa mtu kupiga hodi bila kuahidiana. Jambo linalowaumiza wengi wetu ni hili: ukikaribishwa kipande cha pili ukasema "ahsante, nimeshiba" kwa adabu ya kwetu, sahani inapita na hairudi. Mwenyeji hakukunyima, ameliheshimu neno lako. Ukitaka, kubali mara ya kwanza. Na siku ya kuzaliwa ya mtu usimpongeze hata saa moja kabla, wanaamini ni nuksi. Mwenye siku ndiye huleta keki, hata darasani.

Kiangazi jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku na watu wote wako Cospudener See, ziwa la kusini mwa mji lililokuwa shimo la machimbo ya makaa ya mawe. Kando ya ziwa kuna maeneo yenye bango la FKK. Hapo watu wazima, wazee na familia huoga na kukaa bila nguo yoyote, na ni desturi ya zamani hasa huku mashariki. Hakuna uhuni ndani yake. Hulazimiki kuingia. Tafuta upande wa wenye nguo, tandika kanga yako huko. Lililokatazwa kwa wote ni kutoa simu na kupiga picha, na kukodoa macho. Sauna nazo ni hivyo hivyo, wake kwa waume, isipokuwa siku zilizotengwa kwa wanawake; soma ratiba kabla ya kulipa. Desemba hali hugeuka, saa kumi jioni giza limeingia, kwa hiyo mambo ya nje yote nayaweka kabla ya saa nane na makumbusho baadaye.

Safari ninayowahimiza Watanzania wote ni ya Berlin, na si kwa ajili ya lango la Brandenburg wala ukuta. Kwa treni za mikoa ni saa mbili na nusu hadi tatu, ukibadilisha Lutherstadt Wittenberg au Dessau. Ukiwa na nafasi, shuka Wittenberg kwa saa mbili uone mlango wa kanisa unaohusishwa na Martin Luther na hoja zake za 1517. Kisha endelea hadi Berlin Hauptbahnhof, panda tramu ya M5, M8 au M10 hadi Naturkundemuseum, makumbusho ya viumbe vya asili. Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu. Wikendi hufunguliwa saa nne asubuhi.

Ukipita mlango wa kwanza tu unakutana naye: dinosaria Giraffatitan, urefu wa mita 13.27 kwenda juu, mifupa ya miaka milioni 150 kutoka Tendaguru, Lindi. Ilichimbwa 1909 hadi 1913. Mamia ya vibarua wa kusini mwetu waliichimba chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mzigo wote ulizidi tani 200. Simama karibu na mguu wa mbele, utazame mfupa wa juu ulivyo mrefu kuliko mtu. Wengi hupiga picha ya kichwa na kuondoka. Zunguka ukumbi: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus na Elaphrosaurus, nao wametoka Tendaguru. Soma vibao polepole, jina la Lindi limeandikwa.

Ukitoka, kituo cha U-Bahn ya U6 kiko hapo hapo. Panda kuelekea kaskazini bila kubadilisha, shuka Rehberge au Afrikanische Straße, uingie mtaa uitwao Afrikanisches Viertel. Utasoma Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße. Barabara iliyoitwa Petersallee, jina ambalo kwetu Tanzania hukumbusha Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, iligawanywa Agosti 2024: kipande kimoja ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa 1959, na kingine ni Maji-Maji-Allee. Ni mtaa wa makazi, wenye miti na maghorofa ya kawaida, watu wakitoa mbwa matembezini. Unasimama chini ya nguzo, unasoma neno la Kiswahili kwenye kibao cha barabara cha Berlin, neno waliloingia nalo vitani babu zetu wa Matumbi na Ungoni 1905. Nenda na mwenzako akupige picha, upeleke nyumbani.

Kurudi, ondoka Berlin kabla ya saa moja usiku. Miunganisho ya mikoa hupungua Jumapili usiku, na ukiikosa ya mwisho, kilichobaki ni ICE kwa bei ya papo hapo. Maji na chapati ziwe begini. Choo cha stesheni kubwa huenda kikadai euro 1, lakini cha ndani ya treni ni bure.