Dinari ya Severus

Kila ikifika tarehe 4 Februari huitoa dinari ya Severus, sarafu ya Kirumi ya madini ya fedha, kwenye bahasha yake. Safari hii mwanangu alikuwa karibu. Akaiangalia weee, kisha akauliza, “Mama, huyu naye katoka Afrika kama sisi?” Nikamwambia ndiyo, kazaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, mwaka 145, akawa Kaisari wa Roma, akafia York, Uingereza, tarehe kama hii mwaka 211.

Na ni hapohapo York nilipoipata. Rafiki yangu alinivuta kwenye maonyesho ya wauza sarafu, nami nilikwenda kutazama tu. Mzee mmoja akaokota dinari moja kwenye kisahani. “Ishike ukingoni,” akasema, akanipa na lenzi.

Nikasogea dirishani. Kisarafu chenyewe hakizidi sana ukucha wa kidole gumba, lakini ndevu za Kaisari zilichongwa kishungi kwa kishungi, na kichwani shada la majani. Aliyeigonga hakuilenga katikati: huku herufi zimekatwa, kule fedha imebaki tupu, na ukingo umepasuka kwa nguvu ya nyundo. Nikaupapasa ule ufa. Mtu aliweka kipande hiki kati ya mihuri miwili akapiga, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita! Upande wa pili alikuwepo mungu wa kike wa ushindi, na maneno VICTORIAE BRIT: ushindi wa Britania.

“Fedha ni kama nusu tu,” mzee akanieleza. Severus aliwaongezea askari mshahara, akazidisha shaba kwenye dinari.

Nikalipa kwa pesa niliyoiweka ya koti la baridi. Wakati wa kurudi tulipita kanisa kuu, lililojengwa juu ya makao makuu ya jeshi la Kirumi, nami nikatembea kifua mbele. Mwenzetu alitawala dola nzima kutokea hapa!

Cassius Dio, mwanahistoria wa Kirumi wa zama zile, nilimsoma baadaye. Ushindi ule ulitangazwa na vita haijaisha. Watu wa kaskazini mwa Britania walipoasi tena, anasimulia Dio, Severus aliamuru wauawe wote, hata mtoto aliye tumboni. Alipokufa, wanawe wakafanya suluhu, wakarudi Roma.

Fahari ile ninayo bado, sina namna ya kuikana. Lakini nikiisoma VICTORIAE nawawaza Wakaledonia, wale watu wa kaskazini. Wao hawakugonga sarafu, kwa hiyo hakuna pa kumwona hata mmoja wao sura yake.