Nikiwata Tui, Nipikie Nini?

Katika duka la dawa ninakofanya kazi hapa Langoni, mjini Lamu, watu huja kupimwa presha, na mara nyingi kipimo huwa ni mwanzo tu wa mazungumzo juu ya chakula. Swali linaloongoza ni la nazi. Hivi karibuni bi mkubwa mmoja, mashine ikiwa bado mkononi mwake na kuonyesha 158 kwa 94, alinieleza kuwa mjukuu wake amemsomea kwenye simu kwamba tui huziba mishipa ya moyo. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, nikiwata tui, nipikie nini?" (Kuwata kwetu ni kuacha.) Nilimwomba akae kimya dakika chache nimpime tena, kwa kuwa kuzungumza wakati wa kupimwa hupandisha kipimo. Kikashuka kidogo, lakini si kiasi cha kumwondolea haja ya kwenda hospitali.

Swali lake lina elimu kubwa kuliko makala aliyosomewa. Mtu akipunguza chakula kimoja, kwa kawaida huongeza kingine, kwa maana tumbo halikubali pengo. Kwa hiyo utafiti wowote wa lishe hupima mambo mawili kwa pamoja, yaani kilichoondolewa na kilichowekwa mahali pake, na msomaji asipojua cha pili hawezi kuyaelewa matokeo ya cha kwanza.

Nazi yenyewe ni mfano mzuri. Mwaka 2020 jarida la Circulation lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 16 ya mafuta ya nazi, na ikaonekana kwamba yakilinganishwa na mafuta ya mimea kama ya alizeti, soya au zeituni, mafuta ya nazi hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, ile iitwayo LDL, kwa takriban miligramu 10 katika kila desilita ya damu. Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti wa Cambridge nchini Uingereza waliwagawa kwa kura watu wa umri wa miaka 50 hadi 75 katika makundi matatu, wakawapa gramu 50 kwa siku za mafuta ya nazi, siagi au mafuta ya zeituni kwa muda wa wiki nne. Katika jaribio hilo siagi ndiyo iliyopandisha lehemu mbaya, ilhali kundi la nazi halikutofautiana sana na kundi la zeituni. Mwandishi wa habari akiusoma utafiti wa kwanza ataandika kuwa nazi ni sumu, na mwingine akiusoma wa pili ataandika kuwa nazi ni dawa, na wote wawili watakuwa wameruka neno "kuliko".

Isitoshe, majaribio hayo yalipima mafuta yaliyokamuliwa. Tui ni kitu kingine, kwa kuwa lina maji mengi na huliwa pamoja na samaki, mbaazi au mchicha. Karibu zaidi na hali yetu ni uchunguzi uliofanywa na Ian Prior na wenzake wa New Zealand katika visiwa vya Tokelau na Pukapuka, katika bahari ya Pasifiki, na kuchapishwa mwaka 1981. Watu wa Tokelau walipata zaidi ya nusu ya nishati yao kutokana na nazi. Lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya watu wa Pukapuka waliokula nazi kidogo kuliko wao, lakini maradhi ya mishipa yalikuwa nadra katika visiwa vyote viwili. Wale wa Tokelau waliohamia New Zealand walipunguza nazi, wakaongeza sukari na vyakula vya dukani, na uzito wao ukaongezeka.

Nakiri kwamba uchunguzi wa namna hii hauna nguvu ya jaribio linalowagawa watu kwa kura. Watu wale walikula samaki kila siku na walifanya kazi za mikono, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba nazi ndiyo iliyowalinda. Kinachoweza kusemwa ni kwamba nazi peke yake haikutosha kuwaangamiza. Hapa kwetu, anayeacha tui mara nyingi haendi kwenye mafuta ya zeituni, bali huenda kwenye mafuta ya mgando, viazi vya karai na chapati zilizoelea mafuta, na kwa badiliko hilo sioni faida yoyote. Ushauri wangu kwa mwenye lehemu ya juu huwa ni kwamba apunguze kasimele, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, atumie zaidi tui jepesi la mkamuo wa pili, apunguze sahani ya wali mweupe, na asipunguze samaki wake.

Katika mazoezi tatizo la ulinganisho huwa gumu zaidi, maana aghalabu watu hujichagulia wenyewe kazi na mwendo. Utafiti ulioanzisha elimu hii ulichapishwa mwaka 1953 na Jerry Morris, mtafiti wa Uingereza, aliyelinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa ya London na makondakta wao. Madereva walikaa kutwa nzima, makondakta wakapanda na kushuka ngazi, na ugonjwa wa moyo ukaonekana mchache na hafifu zaidi kwa makondakta. Kinachonivutia ni alichofanya Morris baadaye. Yeye na wenzake walizichunguza kumbukumbu za sare za wafanyakazi hao, na mwaka 1956 wakaonyesha kuwa suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makondakta, hata kwa vijana. Yumkini basi sehemu ya tofauti ilikuwapo kabla usukani haujashikwa. Mtafiti anayeyatilia shaka matokeo yake mwenyewe kwa kupima suruali anastahili kuaminiwa.

Tangu wakati huo ushahidi umekuwa mwingi, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutoka mjini hadi kijiji cha Shela kwa miguu, kwa njia ya pwani, ni kama kilomita tatu, na anayekwenda na kurudi mara mbili au tatu kwa wiki ametimiza. Bodaboda zilizoingia kisiwani zimewapunguzia wengi safari hizo. Siwalaumu vijana wanaotafuta riziki, lakini kwa presha za abiria wao naona hasara.

Kwa chumvi sina kigugumizi, kwa sababu huko ulinganisho ni safi. Jaribio la Marekani liitwalo DASH, la kushusha presha kwa chakula, lililochapishwa mwaka 1997, liliwalisha watu 459 chakula chao chote kwa wiki nane bila kubadilisha chumvi. Kwa wenye presha, mboga, matunda na maziwa yenye mafuta kidogo vilishusha namba ya juu ya presha kwa milimita 11.4 za zebaki ikilinganishwa na chakula cha kawaida cha Wamarekani. Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 2001, likaonyesha kuwa kupunguza chumvi huongeza nafuu hiyo. Kisha mwaka 2021 yakatoka matokeo ya China, ambako vijiji 600 vyenye washiriki 20,995 viligawanywa kwa kura. Nusu yao walipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu, na wengine wakaendelea na chumvi ya kawaida. Kwa takriban miaka mitano, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo vikapungua pia. Kilichobadilishwa ni chumvi kwa chumvi, katika jiko lile lile la mpishi yule yule.

Chumvi ya namna hiyo sijaiona katika maduka ya hapa. Hata ingekuwapo, nisingemuuzia mtu kabla ya kumuuliza kuhusu figo zake na dawa anazotumia. Wagonjwa wa figo waliozidiwa hawakuingizwa katika jaribio la China, na baadhi ya dawa za presha tunazozitoa kila siku, kama enalapril, losartan na spironolactone, huzuia potasiamu isitoke mwilini, nayo ikizidi katika damu huweza kuuvuruga mpigo wa moyo. Kwa sasa nawaambia watu waloweke ng'onda na papa mkavu usiku kucha, wamwage maji yake, wasitie chumvi nyingine katika mchuzi huo, na vile vidonge vya kuongeza ladha waviache dukani, kwa kuwa sehemu kubwa ya vidonge hivyo ni chumvi.