Nilivyojifunza kusoma sahani za Waffle House

Nilipoanza zamu ya usiku kama mpishi Waffle House, mgahawa wa Kimarekani, viungani mwa Atlanta, Kiingereza hakikunisumbua. Kilichonishinda ni sahani.

Mhudumu husimama kwenye alama yake sakafuni na kutaja oda kwa sauti: kwanza nyama za kutolewa kwenye friji, kisha viazi vilivyokunwa vya kumwagwa kwenye bamba la kukaangia, mwisho oda zenyewe. Mpishi hapewi karatasi. Huchukua sahani tupu na kuitia alama kwa vitu vya palepale jikoni. Pakiti ya jemu upande wa chini wa sahani ni mayai ya kuvuruga. Pakiti ya haradali ikitazama juu ni chopsi ya nguruwe. Ikilala kifudifudi ni hamu, yaani nyama ya paja la nguruwe. Viazi navyo vina msamiati wake: "smothered" ni kitunguu, "covered" ni jibini, "chunked" ni vipande vya hamu.

Wiki mbili nilikariri kama mtoto wa madrasa, na oda ya tatu ikiingia zote zinapotea.

Siku ya mapumziko nikaenda Avondale Estates, kwenye jengo ambamo Joe Rogers na Tom Forkner walianzisha Waffle House mwaka 1955. Tangu 2008 ni makumbusho. Majirani wawili: Rogers alikuwa mtu wa migahawa, Forkner wa nyumba na viwanja. (Walifariki mwaka mmoja, 2017, hata miezi miwili haikupita kati yao.) Nilisimama nikitazama udogo wa mle ndani. Kaunta, viti, bamba, vyote hatua chache tu. Hapo nikaelewa: mpango huu ni wa sikio. Mpishi anasikia, mkono unaweka pakiti, basi kichwa kinabaki huru. Nami nilikuwa nikihifadhi kichwani kitu ambacho sahani ingenihifadhia.

Nyumbani nikapanga sahani za plastiki mkekani, mke wangu akinitajia oda huku akisonga ugali. "Baba Zaina, haradali umeilaza!" Kila usiku, nusu saa, mkono tu, bila kujiuliza maana.

Jumamosi moja, saa nane usiku, watu wakaingia kwa mkupuo kutoka baa. Nilipanga sahani tisa, macho yangu yakabaki kwenye mayai. Zilitoka zote tisa, na hakuna iliyorudi.